Maji Membamba Kama Uzi

Kila mama yake alipoingia bafuni, mguu wa Kitinda uliganda juu ya kanyagio la cherehani. Hakuuamuru, uliganda wenyewe. Sindano ilibaki imezama kwenye kola ya shati la shule, na yeye akatega sikio ukutani kama mtu anayesikiliza kwa siri ugomvi wa majirani.

Alikuwa anasubiri mlio mmoja tu. Ta! Mlio mdogo, kama wa njiti ya kiberiti inayovunjwa. Huo ndio uliomwambia kwamba hita ya maji imewaka.

Leo tena haukulia. Maji yalisikika kwa mbali, yakinong'ona. Baadaye komeo likafunguliwa, mama akatoka na mkongojo wake, taulo mabegani, midomo imepauka.

"Maji yalikuwaje, mama?"

"Mazuri."

"Ya moto?"

"Nimesema mazuri. Shona."

Akapita zake kwenda chumbani. Mlango ulipofungwa, Kitinda akasikia chafya, halafu nyingine, ya tatu ikamezwa kwa nguvu ili isisikike. Akakanyaga cherehani kwa hasira, kola ikaenda upogo, ikabidi aifumue yote.

Jina la Kitinda alipewa kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi, na mtaa mzima ulikuwa umelizoea. Mama alihamia kwake baada ya kuanguka. Alikuwa akiishi peke yake kwenye nyumba iliyo juu ya mteremko, bomba liko chini ya mteremko, na siku moja yeye na dumu lake waliteremka kwa pamoja, dumu likifika la kwanza. Nyonga iliunga, lakini hospitali walisema wazi: kubeba maji basi.

Kwa hiyo kila asubuhi Kitinda alichemsha maji kwenye sufuria, akayapeleka bafuni, akayachanganya kwenye ndoo, na kwa sababu mama hakuweza kuinama, akamwogesha. Mama alivumilia huku akitazama dari.

"Nilikuogesha, sasa unaniogesha," alisema siku moja. "Tukiendelea hivi mwezi ujao utanifunga nepi."

"Mama, acha maneno. Inua mkono."

"Umeona? Hata sauti ni yangu. Umeniibia."

Walicheka, lakini mama hakucheka mpaka machoni. Na asubuhi moja, Kitinda akiwa mlangoni anazungumza na mteja, mama aliamua kuibeba sufuria mwenyewe. Mkongojo mkono mmoja, maji yanayotokota mkono wa pili. Aliifikisha kizingitini, sufuria ikaponyoka. Maji yalimkosa mguu kwa upana wa kiganja. Kitinda alisimama pale kwenye mvuke, akala kiapo kwamba sufuria ile haitavuka tena mlango wa bafu.

Ndipo akaitwa Fundi Cheche. Ubatizo huo aliupata ujanani, alipounganisha nyaya za jiko la harusi na kuwaonyesha wageni fataki ambazo hazikuwa kwenye ratiba. Mwenyewe aliisimulia hadithi hiyo kwa kila mteja, akisema tangu siku ile amekuwa mwoga, na fundi umeme mwoga ndiye wa kumwachia nyumba. Alivuta waya mnene kutoka kwenye mita hadi bafuni, akaupa swichi yake peke yake, akashusha waya mwingine mpaka ardhini, akafunga juu ya bomba la kuogea kijisanduku cheupe kisichozidi ukubwa wa kopo la unga.

"Hii haina tangi, dada," alisema akijifuta jasho. "Haiweki akiba hata tone. Maji yakija kwa nguvu inashtuka, inawaka, inayapasha hapo hapo yakiwa njiani. Yakilegea, inalala."

Kitinda aliitikia ndiyo, ndiyo, lakini mawazo yalikuwa kwenye ndoo. Ndoo ya buluu, mdomo umepasuka, imenuna pale pembeni. Aliinyanyua kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, akaitupa uani, akaijaza vipande vya vitambaa. Kuogea ndoo kumekwisha nyumba hii.

Yeye ndiye aliyeizindua hita. Ta! Mvuke ukapanda, kioo kikafifia, akatoka bafuni uso unang'aa kwa furaha. Kwake ililia kila siku. Kwa mama haikulia hata mara moja.

Ilimnyima raha. Alifungua swichi, akafunga, akafungua tena. Aliacha kazi mezani akaenda kukaa kitako nje ya mlango wa bafu, akidai anatafuta kifungo kilichodondoka, mpaka mama akauliza kutoka ndani, "Hicho kifungo ni cha dhahabu?" Mwishowe akamwita tena Fundi Cheche. Akaja, akafungua bomba mpaka mwisho. Ta! Maji yakamwagika, moto safi.

"Bibi, weka mkono."

Mama akauweka, akauondoa upesi. "Moto. Si nilisema mazuri?"

"Hita yako nzima, dada," fundi akafunga mkoba wake. "Labda ukapimwe masikio."

Jioni ile mama akatangaza, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi: "Kesho narudi kwangu."

Kijiko cha Kitinda kilibaki hewani. "Kwako wapi?"

"Nina kwangu pangapi?"

"Mama, ule mteremko..."

"Nimepona. Mguu unakanyaga. Sikuja hapa kuota mizizi."

Kitinda alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Mama alikuwa kama ukuta uliokwisha kupigwa lipu. Asubuhi begi lilikuwa juu ya kitanda, limefungwa zipu, na mama jikoni anaosha vikombe vya chai, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuondoka kwa watu na kuacha vyombo vichafu.

Kitinda alikuwa akizunguka. Dirishani, mezani, mlangoni, dirishani tena. Alishika mkasi akauweka, akashika futi ya kupimia akaivaa shingoni, akaivua. Alikuwa anauona ule mteremko kila alipofumba macho. Alipofika mlangoni mwa jikoni kwa mara nyingine, akawa hana pa kwenda, akasimama tu, akamtazama mama akiosha.

Mama alifungua koki kidogo, kidogo mno, maji yakashuka membamba kama uzi. Uzi hasa, wa kutunga sindanoni. Akakinga kikombe cha kwanza, akakisuuza, maji yale yale akayahamishia kikombe cha pili, kisha cha tatu. Akafunga koki. Halikudondoka tone la bure.

*Yakilegea, inalala,* alisema fundi.

"Mama!" Mama akaruka, kikombe nusura kimtoke. "Unaogaje?"

"Swali gani hilo la kumuuliza mzazi?"

"Koki! Bafuni unafungua namna hii hii?"

"Ulitaka nifunguaje?"

"Kumbe maji ni baridi. Siku zote ni baridi!"

Mama alikipangusa kikombe kilichokwisha kukauka. "Ningesema ni baridi, ungeingia tena na sufuria yako," alisema taratibu. "Afadhali baridi na mlango wangu nimeufunga. Na kama ni maji baridi tu, basi hata kwangu yapo."

Kitinda alimshika mkono, akamwongoza bafuni haraka kuliko nyonga ilivyopenda. "Fungua yote. Mpaka mwisho."

Mama akazungusha. Ta! Maji yakashuka kwa kishindo, mvuke ukaanza. Uso wa mama ukafunguka, akasogeza mkono, akaacha joto limpande mpaka kiwikoni. Halafu akatazama chini, maji yanavyokimbilia tundu la sakafuni. Akafunga.

"Siwezi."

"Kwa nini, mama? Yanalipiwa, yapo, hayaishi!"

"Maji yasiyoisha sijawahi kuyaona. Tazama yanavyokimbia kama yameiba! Hayajanigusa hata mgongo, yamekwenda. Nitaoga saa ngapi, kama kazi yangu itakuwa kuyasikitikia?" Akaupapasa mkongojo. "Usinilazimishe, mwanangu. Miaka yote nimeyabeba kichwani. Mkono haukubali."

Kitinda alilitazama lile tundu la sakafuni. Kisha akatoka mbio. Uani, akaikamata ndoo ya buluu, akaipindua, vitambaa vikatapakaa sakafuni rangi zote. Akaisuuza, akatia ndani kata ya kuchotea. Akaleta na kigoda alichokalia kushonea, akakiweka bafuni, akaipandisha ndoo juu ya kingine kidogo, mkono wa mtu aliyekaa uifikie bila kuinama. Akaielekeza chini ya bomba.

"Sasa fungua mpaka mwisho. Yote yanaingia humu. Ikijaa, funga. Hakuna kinachokimbia."

Mama aliitazama ndoo, akamtazama binti yake. "Si uliifukuza hii?"

"Nimeiomba radhi."

"Toka basi. Na mlango nafunga."

Komeo likaingia. Kitinda akarudi kwenye cherehani, akakosa cha kukalia, akasimama, mguu unapiga sakafu wenyewe. Kimya. Bado kimya. Akaanza kukata tamaa.

Ta!

Maji yakaingia kwenye ndoo kwa mngurumo, yakipanda sauti kadiri yanavyojaa. Yakakatwa. Kata ikachota, mwili ukapokea, na kutoka ndani ukatoka mlio mrefu usio neno, wa mtu aliyetua mzigo.

"Kitinda!"

"Abee, mama!"

"Sabuni yangu iko kwenye begi. Nitolee."

Akaingia chumbani, akafungua zipu. Sabuni ilikuwa juu kabisa. Akaitoa. Akatoa na kitana. Akatoa na sweta, na viatu vilivyofungwa kwenye gazeti, na nguo moja moja, akizipanga kabatini kwa haraka ya mwizi.

"Sabuni tu nimesema! Mbona nasikia kabati?"

Kitinda alijifanya hasikii.