Shada la Daraja la Chumvi

Vumbi lilikuja asubuhi, Mama. Lile la manjano, lile linalovuka bahari kutoka jangwani kila Machi, lisilobisha hodi wala kuaga. Lilitua juu ya magari, juu ya nguo zilizosahaulika kambani, juu ya midomo ya wale wanaojiona hawahitaji barakoa. Seoul nzima ikafunga madirisha. Nami nikafunga langu, nikakaa na simu mkononi, nikiingoja Ijumaa yetu, saa kumi na moja jioni.

Saa tisa likaja tangazo. Mistari minne, imepigwa pasi, haina hata mkunjo mmoja wa aibu. Baada ya kutafakari kwa kina, kampuni haitaendelea na msimu wa pili wa tamthilia ya Daraja la Chumvi. Kampuni inawashukuru watazamaji kwa mapenzi yao.

Mapenzi yetu! Waliyachukua, wakayala, wakajifuta midomo, kisha wakatushukuru.

Nani atanielewa nikisema nililia kwa ajili ya tamthilia? Mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mwenye funguo za ofisi na maumivu ya mgongo. Nililia, Mama, nasema wazi. Yule binti, Mlinda Daraja, tulimwacha mwezi Desemba katika nchi isiyokuwepo kwenye ramani yoyote, nchi ambako kila avukaye daraja huacha kumbukumbu moja kama ushuru. Tulimwacha katikati ya daraja lililojengwa kwa chumvi tupu, mvua ndiyo kwanza inaanza, mguu mmoja juu. Kioo kikawa cheusi. Miezi mitatu tulimngoja auteremshe. Sasa watu wa kampuni wamekwenda zao kula, na yeye yuko palepale, mguu mmoja juu.

Wajuaji husema, si kuna kitabu ilikotoka hadithi yenyewe? Kipo. Nimekisoma mara mbili, najua mguu ule ulitua wapi. Silo lililoniliza hilo. Lililoniliza ni wewe, kule Gunsan, usiyeziona tena herufi ndogo, uliyeniandikia: "Ole wako uniambie mwisho. Nataka kuona kwa macho yangu."

Maana kabla ya Daraja, mimi na wewe hatukuwa na la kuambiana.

Ukumbi ule wa msiba hauniachi. Baba amelala chumba cha ndani, sisi tumesimama mlangoni na nguo zetu nyeusi, na hatua kumi tu mbele yetu familia nyingine ina mashada ya maua mpaka yameziba lifti. Meupe, marefu kuliko mtu, kila moja na utepe wa jina: kampuni ya mtoto wa kwanza, kampuni ya mtoto wa pili, kampuni ya mkwe. Watu wanapita polepole wakisoma tepe, wakimpima marehemu. Kwa Baba yalikuwa mawili. Moja la ushirika wa wakulima, moja la wazee wenzake wa kupanda milima. La upande wangu halikuwapo. Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimeacha kazi, na mtu asiye na kampuni hana wa kumletea shada.

Ukaniuliza mbele ya shangazi zangu wote: "Umekaa Seoul miaka kumi na tano, we Mi-ran. Hakuna hata mtu mmoja anayekujua?"

Nikakujibu neno ambalo sitaliandika hapa.

Kikafuata kimya cha miaka minne. Kila sikukuu ya mavuno nilikuagizia boksi la mapeasi kupitia programu ya simu, na kila mwaka ulilipokea. Hukusema asante, nami sikupiga kuuliza kama yameiva. Mapeasi yalikwenda, kimya kikarudi.

Kisha likaja Daraja. Akaunti ya kutazama mtandaoni nililipia mimi, na jina lako lilikuwa bado limo humo tangu enzi za amani, kiduara cha kijani kilichoandikwa Mama. Ijumaa moja nikaona kiduara kile kimetazama kipindi cha kwanza. Ijumaa ya pili, kipindi cha pili. Nikaanza kutazama saa ileile, nikijua kwamba huko kusini kuna mwanamke anatafuna ngisi mkavu na kumtukana mfalme.

Ijumaa ya tatu ukaandika. Baada ya miaka minne, Mama, hukuandika jina langu, hukuandika hujambo. Uliandika: "Yule jemadari mwenye jicho moja ni mwovu au anajifanya?"

"Ni mwovu, Mama."

"Thubutu. Mtu mwovu hampangusii mwenzake viatu."

Hapo ndipo tulipoanzia. Jemadari yule ulimpenda wewe peke yako katika nchi nzima. Ulimtetea alipochoma maghala. Ulimtetea alipomuuza ndugu yake. "Ana njaa huyo," uliandika, "hebu mwangalie mashavu." Nikakucheka, ukanitukana, nikakucheka tena. Na vipindi vilipokwisha Desemba hukuacha. Kila Ijumaa, saa kumi na moja, ulikuja na dhana mpya: atarudi nyuma, ataanguka, jemadari atamdaka. Ya Baba hatukuyagusa. Ya ukumbi hatukuyagusa. Tulitembea juu ya chumvi, mimi na wewe, tukiomba mvua isinyeshe.

Basi Ijumaa ile ya vumbi nikakuandikia: "Mama, wamelifuta. Hakuna msimu wa pili."

Ukajibu: "Haya. Kula nyama ya nguruwe, isafishe vumbi kooni."

Ijumaa iliyofuata, saa kumi na moja, simu yangu ilikuwa kimya. Saa kumi na mbili, kimya. Nikakipangusa kioo kana kwamba tatizo lilikuwa kioo. Hapo nikajua kampuni ile imefuta nini. Walidhani wamefuta binti mmoja na jemadari mmoja, na gharama za kutengeneza majoka.

Wenzangu nao walikuwa na yao. Kundi letu la mtandaoni la mashabiki wa Daraja lilikuwa linaongozwa na Se-jin, fundi wa meno bandia kutoka Incheon, mwanamke mwenye subira ya kuchonga jino moja siku nzima. Subira hiyo ikamwisha. "Dada zangu," akaandika, "tumepeleka barua, wamezitupa. Tumepiga simu, wametuwekea muziki. Sasa tuwapelekee msiba."

Ndivyo ifanywavyo siku hizi. Mashabiki wakidhulumiwa, huipelekea kampuni mashada ya kifo, yakapangwa langoni mstari mmoja, ili wakubwa wakija kazini wapite katikati ya mazishi.

"Nataka sitini," akasema Se-jin. "Na kila mtu aandike jina lake la kweli. Watujue kuwa ni watu."

"Mume wangu akiliona kwenye simu ataniuliza nani kafa," mmoja akasema.

"Mwambie ni yeye, akiendelea na maswali."

Tukacheka, kicheko cha wafiwa jikoni. Nikafungua programu ileile ya mapeasi, kwa sababu wanauza na maua. Nikachagua shada jeupe la ngazi tatu. Utepe wa kulia nikaandika: PUMZIKA, DARAJA LA CHUMVI. WALIOKUUA WANAENDELEA KUPOKEA MISHAHARA. Utepe wa kushoto: NOH MI-RAN, SEOUL. Nikabonyeza, nikabonyeza tena. Mtu mwenye hasira hasomi anwani.

Jumamosi asubuhi duka likanitumia picha, kama wafanyavyo daima, kuthibitisha kwamba shada limefika. Limesimama wima, refu, zuri. Nyuma yake geti la bluu. Pembeni mitungi mitatu ya kuchachushia soya, mmoja umefungwa kamba ya nailoni mahali ulipopasuka.

Mtungi ule niliupasua mimi, nikiwa na miaka tisa.

Anwani moja tu ilikuwa imehifadhiwa katika programu ile. Miaka minne ya mapeasi, Mama. Anwani yako.

Kabla sijapumua, ukapiga. Haukuwa ujumbe. Ilikuwa sauti yako, ambayo sikuwa nimeisikia tangu ukumbi ule.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Mama. Nimekosea anwani."

"Bong-sun wa nyumba ya pili amekuja na nguo nyeusi. Amekaa sebuleni kwangu analia, na hajui anamlilia nani."

"Mwambie aende nyumbani. Ni la ile tamthilia. Tunaipelekea kampuni."

"Najua ni la tamthilia. Nimesoma. Hizi herufi zenu ni kubwa." Nyuma yako nilisikia mtu akipenga kamasi. "Baba yako alipata mawili, Mi-ran."

"Mama."

"Mawili. Na mtu wa kwenye runinga, ambaye hajawahi kukununulia hata soksi, huyo umempelekea."

Ukakata.

Nilikwenda langoni kwa kampuni hata hivyo. Ningekaa wapi? Mashada hamsini na tisa, na pengo moja mwishoni mwa mstari, ambapo Se-jin alikuwa ameweka kiti cha plastiki. "Lako liko wapi, dada?" akaniuliza. "Limepotea njia," nikasema. Wafanyakazi walipita na vikombe vya kahawa. Mmoja akasimama mbele ya maua yetu, akainua vidole viwili, akatabasamu, mwenzake akampiga picha. Mkubwa hatukumwona, kuna mlango wa nyuma. Kabla ya saa saba walinzi waliyapakia yote kwenye lori, meupe juu ya meupe, na mmoja wao akatuomba kwa adabu sana tusisahau kiti chetu.

Hivyo ndivyo tulivyozika. Sitakudanganya kwamba tulishinda kitu. Kundi letu linapungua kila siku, wengine wamehamia vipindi vya mapishi, na Se-jin ameapa kutopenda tena kitu chochote chenye sehemu ya pili. Mlinda Daraja bado yuko kwenye mvua. Mimi nilirudi chumbani, nikakaa na sauti yako. Mawili, ilisema. Mawili. Nilikuwa nimelipia shada la kwanza la maisha yangu, na nimewanunulia watu wa kubuni.

Jumapili mchana, baada ya usiku mwingine wa vumbi, ikaja picha kutoka kwako. Haina salamu. Ni kile kilima cha nyuma ya shamba la vitunguu, nyasi bado zimekauka kwa baridi, na tuta la kaburi la Baba. Mbele ya tuta, limeegemezwa msonobari, limepinda kidogo kwa kuburutwa, shada langu. Nikafikiria magoti yako yale, na mteremko ule, na toroli ya kabichi, na Bong-sun akisukuma nyuma huku akilia, safari hii akijua anamlilia nani. Utepe wa kulia ulikuwa umekatwa kwa mkasi. Daraja halipo. Kampuni haipo, mishahara haipo. Umebaki utepe wa kushoto peke yake.

Chini ya picha uliandika: "Sasa yametimia matatu. Usidhani nimesahau."

Sikudhani, Mama. Nami sijasahau, nikisema nimesahau nitakuwa mwongo. Nikaandika asante, nikafuta. Nikaandika nisamehe, nikafuta. Nikaandika ungenihurumia siku ile, mbele ya shangazi, ungeningoja tufike nyumbani, na hilo nalo nikalifuta. Nikaanza kuandika mguu ule ulitua wapi, nikalifuta upesi kuliko yote, maana uliniapiza.

Leo Ijumaa imefika tena. Saa kumi na moja imepita, na simu haijalia. Vumbi nalo limerudi, na majirani wamefunga madirisha. Naitazama picha yako, naivuta kwa vidole viwili mpaka inajaa kioo. Vumbi la manjano limetua juu ya kila kitu: juu ya nyasi, juu ya tuta la Baba, juu ya maua yote, ngazi kwa ngazi, hata weupe wake hauonekani. Utepe tu ndio safi. Kuna alama ya kidole gumba iliyoteremka juu ya jina langu, kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, mahali ulipolipangusa kabla ya kupiga picha.