Gari Lilikuwa Moja

Daktari Nsereko alipotangaza kwamba akishinda urais makamu wake atakuwa Meja Ogwal, Filda ndiye aliyelitia tangazo hilo katika Kiswahili. Hakukosea hata neno. Alipomaliza alishuka jukwaani, akapita nyuma ya magari, akaondoka bila kumuaga mtu.

Filda, mjane wa Sajini Oryem, aliuza mitumba katika soko la Owino, na kwa miaka mitatu alikuwa mkalimani wa Daktari. Mgombea huyo alikuwa na Kiluganda kitamu na Kiingereza cha wasomi, lakini Kiswahili kilimpiga chenga kabisa. Kila alipokwenda penye askari, polisi na jamaa zao, maneno yake yalipita kinywani mwa Filda, na watu walisema yalitoka matamu kuliko yalivyoingia.

Sheria haikumlazimisha mgombea kumtaja makamu kabla ya kura. Daktari alifanya hivyo kwa sababu kaskazini hakujulikana, na askari walimwona mtu wa vitabu tu. Ogwal, mwanajeshi mstaafu kutoka Lira, aliitwa shujaa magazetini. Huyo angemletea kura za kaskazini na za kambini kwa mkupuo mmoja.

Filda alimjua Ogwal kwa jambo jingine. Miaka kumi na mitatu nyuma, vita vya kaskazini vilipopamba moto, Ogwal alikuwa kapteni na Oryem alikuwa chini yake. Kikosi chao kilivamiwa porini, na watu kumi na mmoja hawakurudi. Ogwal akaandika kwamba sajini wake alitoroka na kuwafungulia adui njia. Wiki moja baadaye Filda aliambiwa afungashe vyombo atoke katika nyumba za askari. Mama mkwe wake alikufa akiamini amezaa msaliti. Mwaka wa tano ndipo Bonny, askari mwenzake Oryem aliyenusurika kwa kutambaa majanini akiwa na mkono mmoja, alipopata moyo wa kusema kweli. Oryem alibaki akipiga risasi ili wenzake wawahi kupanda gari, na Ogwal akaliondoa likiwa tupu.

Hayo yote Filda alikwenda kumweleza Daktari ofisini kwake Kamwokya. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Nnyabo, mama yangu, pole sana," alisema kwa Kiluganda. "Lakini Meja anatuletea wilaya kumi na tatu. Machungu yako yahifadhi mpaka tushinde."

"Nimekuelewa, ssebo, bwana wangu," Filda akajibu.

Tangu siku hiyo alimtunza Ogwal kama mtu anayenenepesha fahali wa kuchinjwa. Alimsifu mikutanoni, akamchekea, akamsogezea kiti. Ogwal hakumtambua, wajane aliowaacha hakuwahi kuwatazama usoni. Tena ni Filda aliyewashawishi wakuu wa kampeni wafanye mkutano mkubwa Makindye. "Pale ndipo penye askari," aliwaambia. "Meja anataka kupokewa na watu wake." Kisha akapita mlango kwa mlango kwa wake wa askari na wajane, akiwaambia neno moja tu: njooni, mkae mbele.

Wakaja. Bonny alikaa nao, mkono wa shati lake umekunjwa na kubanwa kwa pini.

Daktari alimshika Ogwal begani, akanguruma kwa Kiluganda. Filda akatafsiri: "Daktari anasema, mtu huyu hakumwacha askari wake nyuma hata mmoja." Makofi yakalia. Alingoja yatulie, kisha akaendelea kwa sauti ileile ya kazi. "Hayo ni ya Daktari. Haya ni yangu. Mimi ni mke wa Sajini Oryem, yule mnayeambiwa alitoroka. Bonny yule pale alikuwapo. Meja, wale kumi na mmoja uliwaacha wapi?"

Daktari, asiyejua kilichosemwa, alitabasamu na kuwapungia watu mkono. Lakini Ogwal alikuwa amelelewa na Kiswahili cha jeshi, na kila neno lilimwingia.

Mjane mmoja, Alum, akasimama. "Afande, Ocen wangu yuko wapi?"

Ogwal akampokonya Filda kipaza sauti. "Mama, vita ni vita. Ningefanyaje? Gari lilikuwa moja!"

Hata yeye alisikia alichokisema. Bonny akainuka, akampa mgongo, na wanawake wakamfuata safu kwa safu. Nyuma yao wakatoka polisi waliokuwa nje ya zamu, kofia mkononi.

"Wanasema nini?" Daktari akauliza, tabasamu likimfia usoni.

"Wanaulizia waume wao, ssebo," Filda akajibu kwa Kiluganda safi.

Redio zililirudia lile neno la gari juma zima. Daktari angemtupa Ogwal siku ileile huenda angepona, lakini alishupaa siku kumi, akiita fitina. Alipomwacha, waliomfuata Ogwal waliondoka naye, na waliomchukia hawakurudi. Makindye, alikotazamia ushindi, hakuambulia kitu. Kaskazini akawa wa nne.

Baada ya kura Daktari alimfuata Filda sokoni Owino, akasimama katikati ya marundo ya blauzi. "Umenimaliza," alisema. "Nilikukosea nini mimi?"

"Nilikuja kwako kwanza, ssebo." Filda aliendelea kukunja nguo. Alimhurumia kidogo, maana alikuwa mtu mwema kwa mengi, lakini hakuomba radhi.

Lakini Ogwal, Filda hakumhurumia hata kidogo. Watu walimletea habari zake: kwamba akiingia klabu ya askari wastaafu meza inabaki tupu, kwamba mkewe amerudi kwao, kwamba watoto wa mtaani wakimwona wanaiga mlio wa gari. Kila aliyeleta habari hizo Filda alimpa kiti, akamwambia azisimulie tena, taratibu, tangu mwanzo.