Na Kumi

Fundi hakumwonea Kijiti, msaidizi wake, wivu wa mali. Kijiti alikuwa na pea moja ya viatu, na soli ya mguu wa kushoto ilikuwa inaaga dunia. Karakana ilikuwa ya Fundi, randa za Fundi, misumeno ya Fundi. Hata kigoda alichokalia Kijiti akinywa chai kilikuwa cha Fundi.

Wivu wake ulikuwa wa saa kumi jioni.

Saa kumi ndipo mke wa Kijiti, dobi wa hoteli, anapopita kumchukua mumewe. Humsimamisha mlangoni, humpangusa vumbi la mbao kichwani kama anayepangusa sahani ya wageni, kisha huondoka naye bega kwa bega. Kabla hawajafika kona wameshaanza kucheka. Kicheko chenyewe si cha adabu. Ni kile cha kushika ukuta.

Fundi husikiliza mpaka kiishe. Halafu hufunga karakana, huenda kwake nyumba ya tatu kutoka hapo, na mkewe humfungulia mlango na kusema, "Umerudi." Basi. Kama vile mtu wa maji amekuja kusoma mita.

"Mnacheka nini kila siku?" alimuuliza Kijiti asubuhi moja.

"Mambo ya kipuuzi tu, fundi."

"Mnanicheka mimi?"

Kijiti alifikiri kidogo. "Siku nyingine."

Jibu hilo lilimkaa Fundi kooni kama mwiba wa samaki. Aliona hapana, lazima na yeye apate mtu wa kumfurahia. Akakumbuka kitanda. Miaka minne mkewe alikuwa akilalamika: "Mtaa mzima unalala kwenye vitanda vyako, sisi chetu kinalia kama mbuzi aliyefungwa." Mganga hajigangi, Fundi alikuwa akimjibu, na kugeukia ukutani. Sasa alichagua mbao ngumu alizoziweka miaka miwili zikauke, akaanza kumtengenezea kitanda.

Hapa lazima nieleze habari ya futi, ile tepu ya kupimia. Futi ya chuma ya karakana ile ilikuwa imekatika sentimita kumi za mwanzo. Fundi alikataa kuitupa, na ikawa sheria: anayepima hutaja urefu, anayeshika upande wa pili hujibu, "Na kumi," ili asomaye aongeze. "Sabini." "Na kumi." Siku nzima, kama watu wanaoitikiana salamu.

Siku ya tatu walikuwa wamemaliza kichwa cha kitanda na miguu. Zilibaki mbao mbili za ubavuni. Saa kumi ikafika, na dobi akasimama mlangoni.

"Nimalizie hizi mbili, fundi?" Kijiti aliuliza. "Dakika tano."

"Nenda. Unasubiriwa."

"Atangoja, hana haraka."

"Nimesema nenda, bwana. Kwani mimi sina mikono?"

Wakaenda. Fundi akagongomea msumari, akatundika futi, akavuta. "Mia mbili," akasema, na papo hapo kona ikapasuka kwa kicheko. Alikaza meno, akapiga alama penye mia mbili, akakata. Ya pili akaipima kwa ile ya kwanza. Hakuna aliyemjibu, naye hakugundua kwamba hakujibiwa.

Kesho yake ilikuwa siku ya mapumziko. Alikiunga kitanda chumbani mwake mwenyewe, kimya, jasho likimtoka, mkewe akimtazama kutoka mlangoni. Kilikuwa kizuri, msasa umepita kila pembe. Wakaleta godoro. Godoro likaingia upande wa kichwa, na upande wa miguuni likakunja shingo likasimama.

Fundi alilibonyeza. Likainuka. Alilikalia. Likainuka pembeni yake.

"Ulipima na nani?" mkewe aliuliza.

"Peke yangu."

"Ndiyo maana. Hukusema na kumi."

Fundi alimgeukia. Alikuwa amesahau. Futi ile ilikatika mikononi mwa mwanamke huyu, mwaka wa kwanza wa karakana, walipokuwa wawili tu na msumeno mmoja. Ndiye aliyeanza kuitikia na kumi, kwa kumtania, kila mara kwa sauti tofauti: ya hakimu, ya kuku, ya mama mkwe. Walikuwa wakishindwa kukata mbao kwa kucheka. Kisha kazi ikakua, akaajiriwa Kijiti, na mkewe akaambiwa akae nyumbani apumzike.

"Nilidhani nakupumzisha," Fundi alisema.

"Nani alikuambia nimechoka?"

Mkewe akakaa naye kwenye kitanda kifupi. "Wale wawili hupita chini ya dirisha langu kila jioni," alisema. "Huwa nafunga pazia. Nikiwasikia, nakosa hamu hata ya kukusalimu."

"Na wewe?"

"Na mimi nini? Kwani mimi jiwe?"

Siku ya kazi iliyofuata mkewe alikuja karakana akiwa amefunga kitambaa kichwani, akamnyang'anya Kijiti ncha ya futi.

"Hiyo kazi yangu, mama," Kijiti alisema, si kwa furaha sana.

"Kapige randa."

Saa kumi dobi alifika, vumbi likapanguswa, wakaondoka, na penye kona wakaanza. Fundi alihisi kile kidonda kikimfukuta palepale pa siku zote. Aliinua macho, akamkuta mkewe ametazama kona ileile, mdomo ameubetua.

"Hivi wanacheka nini hawa?" mkewe akauliza.

"Ati mambo ya kipuuzi."

"Mxiu. Vuta futi."

Akavuta. "Mia mbili."

"Na kumi," mkewe akasema, kwa sauti ya mama mkwe.

Mbao hiyo ilikatwa kesho yake.