Sharti la Kiarabu

Masharti yalibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya elimu mjini Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mwanzoni mwa mwaka 1974. Eyotaru aliyasoma yote, kisha akarudia tangu mwanzo, polepole, kama mtu anayeonja mboga ya jirani. Chuo kikuu kimoja cha Khartoum kilikuwa kinatafuta vijana wa nchi jirani wa kusomea udaktari wa mifugo. Atakayechukuliwa angesomeshwa bure na kupewa malazi na chakula.

Alikuwa na umri wa miaka ishirini. Alimaliza kidato cha sita mwaka uliotangulia, na tangu hapo alikuwa nyumbani kwao Omugo akimsaidia baba yake kwenye shamba la tumbaku. Alikuwa na tabia moja iliyowachosha walimu wake wote: akiona kanuni yoyote, alitaka kujua ilitungwa kwa kisa gani. Shule aliyosoma ilikataza kuku bwenini, naye hakutulia mpaka alipompata mpishi wa zamani aliyemweleza habari za msichana aliyeficha mtetea chini ya kitanda, kuku akataga, akaatamia, na vifaranga wakatoka wakati wa mtihani.

Sasa alisimama mbele ya ubao akiyahoji masharti yale vilevile. Umri usizidi miaka ishirini na mitano: kwani mtu mzima hawezi kutibu ng'ombe? Cheti cha daktari kwamba mwombaji hana kifua kikuu: hilo lilieleweka. Kufaulu kemia na baiolojia: alifaulu zote mbili. Mwombaji akiwa msichana, mzazi wake afike mwenyewe mbele ya wasaili na kutamka kwamba ameridhia. Hapo alitabasamu. Bila shaka kulikuwa na baba mmoja, mahali fulani, aliyesafiri mpaka Khartoum kudai binti yake.

Sharti la mwisho ndilo lililomkata maini. Mwombaji aweze kuzungumza Kiarabu cha matumizi ya kila siku.

Usaili ungefanyika Koboko mvua zikianza, kwa kuwa wasaili wangekuja kwa gari kutoka Juba na kuvuka mpaka pale Oraba.

Alipofika nyumbani alimkuta baba yake, Draku, akifunga majani ya tumbaku kwenye fito. Alimweleza yote.

"Kiarabu utakitoa wapi?" Draku aliuliza. "Sisi hata msikiti hatujui mlango wake uko upande gani."

"Wanubi wa Arua wanakizungumza, Baba."

"Na ng'ombe wa kwetu Terego hawatibiki mpaka uende kwa Waarabu?"

"Wa mjomba walikufa wote mwaka juzi. Kuna mtu aliyejua kwa nini?"

Mjomba alikuwa amekesha na wanyama wale, akawapa kila dawa aliyoambiwa, na mpaka leo akipita penye zizi tupu hugeuza uso. Draku alifunga fundo, akakata kamba kwa meno.

"Kujifunza lugha si kuolewa," alisema hatimaye. "Jifunze. Hayo ya Khartoum tutayaona huko mbele."

Eyotaru akahamia kwa shangazi yake Arua, na siku ya soko akaenda moja kwa moja kwa Mama Rehemah. Huyu alikuwa mjane wa Kinubi aliyesuka na kuuza kawa za rangi, zile za kufunikia chakula. Babu yake alikuwa askari aliyekuja na jeshi kutoka Sudan zamani, akabaki, akaoa, na lugha yake ikabaki naye mtaani.

"Shikamoo, Mama. Nataka unifundishe Kiarabu."

Rehemah alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. "Kiarabu gani?"

"Kile watu wanaongea kila siku."

"Ya kila siku iko. Kuja kesho. Lakini mikono isikae bure, utapasua ukindu."

Basi kila asubuhi Eyotaru alikaa uani kwa Rehemah akipasua ukindu na kurudia maneno. Ana aju moyo, nataka maji. Ita gi ruwa wen, unaenda wapi. Alishangaa jinsi lugha ile ilivyomwingia upesi. Ukijua neno la kwenda, umelijua; halibadiliki, awe anaenda mtu mmoja au kijiji kizima. Maneno mengine aliyajua tangu utotoni bila kujua yalitoka wapi.

Siku moja Rehemah alimfundisha kusema ng'ombe amekufa. "Bagara mutu," alisema.

"Ng'ombe mtu?" Eyotaru aliuliza. Huko mpakani, kwa wafanyabiashara kutoka Kongo, mutu ni binadamu.

Rehemah aliacha kusuka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mutu ni kufa! Mwanangu, kama utakwenda kwa Wakongo usalimie watu kwa Kinubi, watakimbia!"

Mpaka mvua zinaanza, waliweza kukaa asubuhi nzima wakisimuliana habari za mjini, za sukari iliyoadimika, za mabinti wa Rehemah walioolewa Bombo, bila kugusa Kiswahili. Rehemah aliridhika. "Sasa wewe iko tayari," alisema.

Draku na binti yake walipanda lori la mihogo mpaka Koboko. Usaili ulikuwa katika darasa moja la shule ya msingi, na wazazi walisubiri nje, chini ya upenu. Ndani, nyuma ya meza ya mwalimu, walikaa wanaume wawili. Mmoja alikuwa Profesa Tijani kutoka Khartoum, mrefu, mwenye kilemba cheupe na sauti ya chini. Wa pili aliitwa Mogga, ofisa wa elimu kutoka Juba, aliyekuja kumsaidia.

Kemia na baiolojia walimuuliza kwa Kiingereza, naye akajibu vizuri. Walitazama cheti cha daktari, wakakiweka kando. Kisha Tijani akageuza lugha.

"Inti mashya wen?"

Eyotaru alishika neno la mwisho tu. Wen. Wapi. Akakisia yaliyobaki. "Ana gi ruwa Khartoum," akajibu kwa kujiamini.

Mogga alijifunika mdomo kwa kiganja kama mtu aliyepaliwa. Tijani aliinama mbele.

"Hiki ni nini?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Ni Kiarabu, bwana."

"Nani amekufundisha?"

"Mama mmoja wa Arua. Mnubi."

Eyotaru alijua amekosea mahali. Lakini Tijani hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuta njiani kitu asichokijua, na sasa anataka kukigeuza aone upande wa chini.

"Sema: ng'ombe amekufa."

"Bagara mutu."

"Ng'ombe wawili wamekufa."

"Bagara tinin mutu."

"Mimi nimekufa."

"Ana mutu."

"Wewe?"

"Ita mutu."

"Kumbe kwenu wote hufa namna moja," alisema Tijani taratibu. "Kwetu, ng'ombe jike akifa, neno lenyewe linajua ni jike. Matat. Dume, mat. Nikifa mimi, neno linakuwa jingine. Tukifa sote, jingine tena."

Eyotaru alisahau kabisa kwamba anasailiwa. "Na kama msemaji hajui ni dume au jike? Kama amekuta mifupa tu porini?"

Mogga sasa alicheka waziwazi.

"Profesa," alisema Mogga, "mimi nimemwelewa kila neno. Sokoni kwetu Juba tunasema karibu hivyohivyo."

"Soko la Juba si chuo kikuu."

"Sharti halisemi chuo kikuu. Linasema kila siku. Mimi naishi Juba kila siku."

Wakaanza kubishana kwa Kiarabu, upesi upesi, na Eyotaru akawa anamwelewa Mogga nusu na Tijani hata chembe. Aliona safari yake ikipepesuka pale mezani, mara huku, mara kule. Wakati wa kunyamaza ulikuwa huo. Hakuweza.

"Samahani," alisema. "Naomba kuuliza. Sharti hili liliwekwa kwa kisa gani? Maana nimesikia masomo yenyewe ni kwa Kiingereza."

Wanaume wote wawili walimgeukia. Mogga naye, ilionekana, hakuwa analijua jibu.

Tijani alivua miwani. "Kulikuwa na kijana wa nchi ya mbali," alisema. "Mimi nilikuwa msimamizi wa bweni. Siku ya sikukuu, wanafunzi wengi wameondoka, yeye akaumwa tumbo. Akatoka barabarani kuomba msaada. Hakujua neno hata moja. Anajikunja, anapiga kelele, watu wakadhani amelewa, wakampita. Aliyemfikisha hospitali ni mwenye punda wa kubebea maji, tena kwa sababu tu kijana alianguka mbele ya punda. Utumbo ulikuwa umeanza kuoza. Mimi ndiye niliyeomba sharti hili liandikwe."

"Basi ni la kuomba msaada," alisema Eyotaru.

"Ni la kuomba msaada."

Alifikiri kidogo. Kisha akashika tumbo lake, bila kuigiza sana, akamtazama Tijani machoni. "Batna tai gi waja," akasema, tumbo linaniuma.

Tijani alirudisha miwani usoni.

"Hapo," alisema, "hata mwenye punda angekuelewa."

Alinong'ona na Mogga, kisha akatoa uamuzi. Eyotaru angepokelewa, lakini kwa masharti. Angekwenda kabla ya wenzake, akae katika darasa la lugha, na mwisho wake apimwe. Akishindwa angerudishwa Uganda. Na asiende akidhani amekwisha kujifunza. Kuna mengi ambayo ingembidi ayavunje na kuyajenga upya.

"Nitapenda kuona yanavyojengwa," alisema Eyotaru, na Tijani akamtazama kuona kama ni mzaha. Haukuwa mzaha.

Wakamwita Draku. Aliingia kofia mkononi, akakataa kiti. Mogga alimweleza kwa Kiswahili kwamba chuo hakimchukui msichana mpaka mzazi atamke mwenyewe kwamba ameridhia.

"Siwezi kuridhia kitu sijui," alisema Draku. "Huko kanisa iko?"

"Yako, mzee. Zaidi ya moja."

"Akigonjwa, nani anamwangalia?"

Mogga akamsimulia kisa cha kijana wa tumbo, kwa maneno machache, huku akimwonyesha Tijani kwa mkono. Draku alisikiliza mpaka mwisho. Alimtazama profesa, ambaye hakuelewa Kiswahili na alikuwa anasubiri tu.

"Huyo kijana alipona?"

Mogga akatafsiri. Tijani akajibu kwamba alipona, akamaliza masomo, na sasa anatibu ngamia kwao.

"Basi nimeridhia," alisema Draku. Akavaa kofia, akakumbuka yuko mbele ya wakubwa, akaivua tena.

Njia nzima ya kurudi Arua Eyotaru aliwaza atamwambiaje Mama Rehemah. Alikuwa na furaha iliyojaa mpaka kooni, lakini neno la profesa la kuvunja na kujenga upya lilimsumbua. Mama yule alimpa lugha ya babu yake, akampa yote, naye sasa aende kumwambia kwamba si yenyewe?

Alimwambia. Alijaribu kuzunguka, akashindwa, akasema wazi kwamba wamemchukua, ila walisema alichofundishwa si Kiarabu chenyewe.

Rehemah aliendelea kusuka. "Nani alisema ni Kiarabu?"

"Mama, si ndicho nilichokuomba?"

"Wewe ulisema ile watu wanaongea kila siku. Mimi nikakupa. Ile ya msahafu ni ya msahafu; hiyo ninasoma kila Ijumaa, na sitaki mchezo nayo. Hii ni Kinubi. Ya nyumbani." Alikaza uzi mwekundu. Kisha mikono yake ikatulia, na alipoinua kichwa, macho yake yalikuwa na hamu kama ya msichana. "Lakini huyo profesa, yeye alisema namna gani? Ile ya ng'ombe?"

Eyotaru akamwambia. Mat. Matat.

"Matat," Rehemah alirudia, akiionja. "Matat. Kumbe mwanamke kule anakufa kwa heshima yake." Akataka aambiwe na mengine yote, na Eyotaru akakaa chini akamsimulia usaili neno kwa neno, mpaka ukindu ukamkaukia mkononi.

Aliondoka mwezi wa sita. Baba yake alimsindikiza mpaka Oraba, akasimama upande wa Uganda akipunga mkono mpaka lori lilipopinda. Huko Kaya, upande wa pili, askari wa mpaka aliuliza anakwenda wapi, naye akajibu kwa Kinubi, na askari hata hakuinua uso, alimjibu hivyohivyo. Juba aliuziwa chai, akapewa njia ya bandarini, akagombana na mchukuzi juu ya sanduku lake, na yote hayo aliyafanya kwa maneno ya uani kwa Mama Rehemah.

Ndipo, akiwa kwenye meli ya mto, akaanza kujiuliza kitu ambacho hakuna mtu aliyemtuma kukiuliza: maneno haya yataishia wapi hasa? Kila mara meli ilipotia nanga alishuka na kumsemesha mtu. Huko Bor walimwelewa. Huko Malakal mwuza samaki alimwelewa, lakini alimjibu kwa maneno yenye mikia kama ule wa matat, na ilimbidi afikiri. Kutoka hapo miti ikapungua, vilemba vikaongezeka, na kila bandari maneno yake yalipata watu wachache zaidi wa kuyapokea. Hakuogopa. Kila kituo alikingojea kwa hamu kuliko kilichopita.

Huko Kosti, bandari ya mwisho, alimwendea mwanamke aliyeuza mikate kwenye kapu, akamwomba mmoja. Yule mwanamke alijibu kitu kirefu, cha haraka, chenye sauti za kooni, na Eyotaru hakuambulia hata neno moja.

Alichuchumaa kando ya kapu, akaweka sanduku chini, akamwashiria kwa mkono aseme tena.