Kitambaa cha Sofa ya Mama

Barua ya Tjitske ilifika Jumanne. Hylke aliisoma mara mbili akiwa amesimama pale pale mlangoni, ndipo akampelekea dada yake jikoni. Ilikuwa fupi. Tjitske, mdogo wao wa mwisho, aliandika kwamba angependa kuja kuwaona mwezi wa Septemba, siku mbili tu, kama wao hawana neno. Ilikuwa inapata miaka ishirini na sita tangu akanyage Friesland, kwao kaskazini mwa Uholanzi.

"Anakuja," alisema Hylke.

"Nimeona. Aje."

Gerbrich aliiweka barua kando ya sufuria, akaendelea kumenya viazi. Hylke alikuwa mzee wa miaka sabini na minne, amekamua ng'ombe tangu utotoni na sasa malisho yake kamkodisha jirani, na katika maisha yake hakuna mtu ambaye yeye alimjua vizuri kuliko huyu dada yake. "Aje" ile haikuwa ya kumkaribisha mtu.

Hawa wawili hawakuoa wala kuolewa. Walibaki katika nyumba waliyozaliwa, nje kidogo ya mji wa Dokkum, upepo ukiipiga kutoka kila upande. Mama yao alipougua na kushindwa kupanda ngazi, walimlaza sebuleni kwenye sofa, na hapo akakaa msimu mzima wa baridi mpaka alipokata roho mwezi wa Machi. Gerbrich ndiye aliyemwosha, akamlisha, akamgeuza ubavu huu na ule. Tjitske alikuwa Bergen, kule Norway, kwa mumewe. Alipiga simu kila Jumapili. Kila alipoulizwa atakuja lini alisema, "Siwezi, dada." Hata kwenye mazishi hakuonekana. Hakueleza kwa nini, na Gerbrich hakuuliza tena. Alilibeba lile "siwezi" miaka yote hiyo kama mtu aliyebeba kokoto ndani ya kiatu.

Sofa ilikuwa bado pale pale. Ilikuwa pana, ya mbao za mwaloni, imevalishwa mahameli ya kijani ambayo zamani ilikuwa ikimeta. Sasa upande wa kichwa palikuwa na doa jeusi la mafuta ya nywele, pana kama sahani. Mkono mmoja wa sofa ulikuwa umechunika hadi nyuzi zikabaki wazi, kwa kuwa mama alikuwa akiushika hapo kwa nguvu kila alipogeuzwa. Katikati springi moja ilikuwa imetoka mahali pake, na ukikaa vibaya inakuchoma.

Jumatano, wakati wa kahawa ya saa nne, Hylke alilitoa lililokuwa moyoni.

"Nafikiri tumwite Eelke aje aiangalie sofa."

"Eelke fundi?"

"Eelke fundi. Atie kitambaa kipya. Tuna wiki saba kabla mgeni hajafika."

Gerbrich alimtazama juu ya kikombe chake. "Koti hilo ulilovaa umelivaa tangu baba yuko hai, kaka. Leo ndiyo umeanza kuona haya kwa ajili ya sofa?"

"Koti langu halikaliwi na wageni."

"Afadhali. Wangeondoka na harufu."

Hylke alicheka kidogo, lakini hakuliacha jambo lake. Alhamisi Eelke alifika na gari lake, mtu mnene mwenye penseli sikioni, ambaye alikuwa amevalisha upya viti vya nusu ya kanisa lao. Aliipindua sofa, akaigonga mbao kwa kifundo cha kidole, akachana kidogo kitambaa cha chini na kuingiza mkono.

"Hii ni singa ya farasi, siyo sponji," alisema. "Siku hizi hupati. Fremu ni nzima kabisa. Ningebadilisha mikanda na springi mbili tatu, singa niioshe niirudishe, halafu juu mchague wenyewe. Itawazika nyote wawili hii."

"Na hilo doa?" Hylke aliuliza.

"Doa linaondoka na kitambaa. Mahameli hii imeshakufa, mzee, haina dawa."

"Basi imekufa," alisema Gerbrich kutoka mlangoni. "Iache ilivyo."

Eelke alimgeukia Hylke, na Hylke akatazama sakafu. Fundi yule alikuwa ameingia katika nyumba nyingi na kukuta mke anataka na mume hataki, au mama anataka na watoto hawataki, akajua pa kunyamaza. Aliisimamisha sofa kwa upole, akafuta mikono.

"Haina haraka, Bi Gerbrich," alisema. "Mkiamua, nipo."

Gari lilipoondoka Hylke alibaki amesimama katikati ya sebule. "Niambie kwa nini. Pesa ipo. Fundi yupo. Kwa nini?"

"Kwa sababu nataka aione."

"Aone nini?"

"Aone mama alipolala. Aone alipokuwa anajishikilia. Wewe ulikuwa bandani na ng'ombe wako, hukuwa unasikia. Mimi nilisikia. Na yeye aone, hata kama ni kwa dakika tano."

Hylke alitaka kusema kwamba miaka ishirini na sita ni mingi, na kwamba mtu akiandika barua ya namna ile hujamwita wewe, amejileta mwenyewe. Hakusema. Hakuwahi kuwa mtu wa maneno, na baadaye alijilaumu kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote.

Tjitske alifika Jumamosi ya pili ya Septemba, amevaa koti zito ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa amekonda. Hylke, aliyemfuata kituoni, alimbebea begi na kushangaa jinsi lilivyokuwa jepesi. Gerbrich alimpa mkono mlangoni, wakabusiana mara tatu mashavuni kama inavyopasa, na hakuna aliyemkumbatia mwenzake.

Chakula kilikuwa kizuri. Gerbrich hakuwa mtu wa kumnyima mgeni chakula: supu yenye vinofu vya nyama, viazi, maharagwe ya bustanini, na mkate wa sukari aliouoka asubuhi ile. Tjitske alisifu kila kitu na akala kidogo sana. Aliuliza habari za jirani huyu na yule, wengi wao wakiwa wameshakufa, na Hylke akamweleza vifo vyao kimoja kimoja kama mtu anayesoma gazeti la zamani.

"Na Torleif hajambo?" Hylke aliuliza. Torleif ndiye mume wa Tjitske, fundi wa meli.

"Hajambo. Alitaka kuja nami, nikamkatalia. Nilisema safari hii ni yetu sisi watatu."

Walipomaliza, alisukuma sahani yake taratibu. "Dada, samahani. Naweza kujinyoosha kidogo? Safari imenichosha."

Chumba chake kilikuwa juu, ngazi kumi na sita. Yeye mwenyewe aliitazama ngazi, kisha akatazama sebuleni, mlango ukiwa wazi.

"Pale kwenye sofa panatosha," alisema. "Robo saa tu."

Gerbrich alikuwa amengoja nafasi hiyo tangu asubuhi. Tangu miaka mingi, tuseme ukweli. Alitangulia sebuleni, akasimama kando ya sofa, akaweka kidole juu ya doa.

"Hapa ndipo kilipokuwa kichwa cha mama," alisema. "Na hapa, unaona hizi nyuzi? Hapa alikuwa anashika nikimgeuza. Aliuliza habari zako mpaka wiki ya mwisho. Lala tu, kama unaweza."

Tjitske alisimama kizingitini. Uso wake haukubadilika sana, ila rangi ndogo iliyokuwamo ikatoka. Alikuja, akaweka kiganja chake juu ya zile nyuzi, akakiacha hapo kitambo. Gerbrich alingoja alie, au ajitetee, au aombe radhi. Alikuwa na majibu ya yote matatu.

"Haya," Tjitske alisema.

Hakulala. Alivuta kiti cha mbao cha dirishani, akaketi wima, mikono mapajani, akatazama nje kwenye kondoo wa jirani mpaka saa ya chai. Hylke alipopita na kumwona ameketi vile aliingia jikoni akamwambia Gerbrich, kwa sauti ya chini, "Umeridhika?" Gerbrich alisema ndiyo. Alikuwa anakausha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshakauka.

Kesho yake Tjitske alisema amekumbuka shughuli Bergen, ni lazima awahi treni ya asubuhi. Alimbusu dada yake mara tatu. Kituoni alimkumbatia Hylke shingoni kwa muda mrefu, kitu ambacho hata walipokuwa watoto hakukifanya, na Hylke akarudi nyumbani akaenda moja kwa moja bandani, ambako hapakuwa na ng'ombe hata mmoja.

Torleif alipiga simu katikati ya Novemba. Tjitske alikuwa amefariki usiku wa kuamkia siku ile. Alikuwa na saratani ya kongosho, alijua tangu Julai. Hylke alisikiliza, akasema "ndiyo" mara kadhaa, akaweka simu. Alimweleza Gerbrich kwa maneno machache jinsi yalivyokuwa, naye akakaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua aproni.

"Alikuja kutuambia," alisema Gerbrich.

"Ndiyo."

"Hakutuambia."

Hylke angemgombeza ingekuwa nafuu. Alimmiminia kahawa, akatia maziwa kama alivyopenda, akamsogezea.

Safari ya Bergen hawakuiweza. Ilivuma dhoruba wiki ile na Hylke alikuwa na kifua. Kwa hiyo na wao hawakwenda kwenye mazishi. Gerbrich aliliwaza hilo alipokuwa akisafisha madirisha, na ilibidi ashuke kwenye ngazi.

Mwezi wa Januari alimpigia Eelke mwenyewe. Hylke alimkuta sebuleni na fundi, daftari la vipande vya vitambaa limefunguliwa kwenye meza.

"Rangi gani ingempendeza?" Gerbrich alimuuliza kaka yake.

"Nani?"

"Tjitske."

Hylke alifikiri. Alimfikiria mtoto aliyekuwa akikimbia na ndoo, aliifikiria sauti ya Jumapili. "Sijui," alisema.

"Hata mimi sijui," alisema Gerbrich, na akamwonyesha Eelke kipande cha kijivu kilichokuwa karibu na mkono wake. Eelke aliuliza kama wangependa wabakiziwe kitambaa cha zamani. Wengine hupenda, alisema. Gerbrich alisema hapana, akitupe.

Sofa ilirudi baada ya wiki sita, imejaa, imenyooka, na unapokaa haikuchomi popote. Ilikuwa kazi safi. Hakuna kati yao aliyeikalia.

Torleif aliwatembelea Mei, peke yake, mzee mrefu mwenye mikono mikubwa na Kiholanzi cha kuokoteza. Alikuwa ameleta picha za Tjitske ndani ya bahasha. Wakamketisha kwenye sofa kwa kuwa ndipo pa mgeni, naye akazitoa picha akaziweka mapajani, kisha akakipapasa kitambaa kipya akitabasamu.

"Sofa nzuri," alisema. "Tjitske hakuniambia kama mna sofa nzuri namna hii."

"Alikuambia nini?" Gerbrich aliuliza.

"Kuhusu safari yake? Mengi. Kwamba mkate wa sukari ulikuwa wa moto bado. Kwamba alipochoka ulimtayarishia mahali sebuleni, akapumzika vizuri. Alisema, 'Dada amenipokea vizuri, Torleif.' Alilirudia hata hospitali. Lilinipa amani mimi."

Hylke alisimama, akaenda dirishani. Gerbrich aliweka kikombe chini. Angeweza kukubali kwa kichwa na mambo yangeishia hapo, mgeni angeondoka na amani yake.

"Si kweli," alisema. "Sikumpokea vizuri."

Akamweleza. Hakujipunguzia kitu: doa, nyuzi, kidole chake, kiti cha mbao, maneno yenyewe. Ilimchukua muda kwa sababu Torleif hakuelewa baadhi ya maneno, na ilibidi ayarudie polepole.

Torleif alipoelewa, alizirudisha picha ndani ya bahasha, kisha akaiweka bahasha mezani, mbele ya Gerbrich.

"Alikuwa anaogopa wagonjwa na maiti," alisema mwishowe. "Tangu msichana. Kuwaona tu alizimia. Aliona aibu kusema." Alijisugua magoti. "Hilo pia hakuwaambia, naona."

"Hapana," alisema Gerbrich.

Torleif aliuliza basi la Leeuwarden linapita saa ngapi. Hylke alisema atampeleka kwa gari, hakuna haja ya basi. Gerbrich aliwasikia wakifunga milango ya gari, kisha akasikia gari likiingia barabarani, na alikuwa bado hajaifungua bahasha.