Kilima cha Ghorofa ya Pili

Mchoraramani alikuwa akiondoa kikombe chake cha chai juu ya ramani ya nchi nzima pale mkurugenzi alipoingia na kuweka kidole kwenye mraba mmoja wa kaskazini.

"Huu umeupa tisa. Kwa nini?"

Ramani ilionyesha utajiri wa ardhi. Kila mraba ulipewa alama kwa wingi wa miamba yake, sura ya nchi yake na aina za udongo wake. Mraba ule ulikuwa na kilima cha chokaa, mapango, na udongo uliobadilika rangi kila ukipiga hatua. Ulikuwa pia na nyumba ya shangazi wa mchoraramani, lakini nyumba hazina alama.

"Andika sifuri. Kiwanda cha saruji kinataka mahali pasipo na kitu."

"Nimepapima kwa miguu yangu, bosi. Siandiki."

Mkurugenzi akafuta, akaandika mwenyewe.

Kesho yake asubuhi kilima kilikuwa ndani ya ofisi, ghorofa ya pili. Hakikuvunja kitu. Kilijikunja kwenye ngazi, kikajinyoosha koridoni kutoka masjala hadi choo cha wanawake. Mhudumu alifagia kokoto huku akinung'unika kuwa vumbi la chokaa halitoki kwa maji baridi. Mhasibu aliomba ofisi ya chini, kwa sababu ya magoti yake. Kileleni, karibu na dari, shangazi alikuwa anaanika nguo mbele ya nyumba yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Humu hamna hewa. Fungua dirisha."

Mkurugenzi alipanda hadi katikati, akahema. "Mama, hii ni ofisi ya serikali."

"Na kule kulikuwa kwangu. Si husema mgeni njoo, mwenyeji apone? Basi pona."

Mkurugenzi alishuka, akapiga simu kiwandani. Malori yalipofika kaskazini yakakuta tambarare tupu pale kilima kilipokuwa.

"Si nilisema hakuna kitu?" akamwambia mchoraramani, kwa upole kabisa.

Ramani ikachapwa na sifuri yake. Majirani wa shangazi, ambao nyumba zao zilibaki bondeni, wakaondolewa. Shangazi aliposikia aliacha nguo zikauke mpaka zikakakamaa.

Mchoraramani alilia chooni. Kisha akanawa uso, akachukua nyundo na kamba, akapima mraba ambao ofisi yenyewe imesimama juu yake. Kilima sasa kilikuwa humo; akaandika tisa. Mkurugenzi akafuta. Akaandika tena. Mkurugenzi akafuta mpaka karatasi ikatoboka.

Basi akaleta patasi, akaanza kuichonga tisa kwenye mlango wa mkurugenzi. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa ndani, akisaini vibali vya mraba mwingine. Nje malori ya saruji yalikuwa yanapita.

"Zamisha patasi, mwanangu," alisema shangazi, aliyekuwa ameshuka kilimani, akipuliza unga wa mbao. "Huyu akiondoka, atakuja mwingine na kopo lake la rangi."