Kiganja cha Mama Malaika

Aziza alimimina sabuni ya mawese kwenye visanduku vya mbao uani kwake, mjini Kasongo, akaikata, akabandika kiganja chake cha kulia juu ya kila kipande kabla hakijakauka. Ndivyo wanawake wa mtaa ule walivyotia alama tangu enzi za bibi zao. Sabuni isiyo na mkono sokoni haiguswi na mtu.

Grégoire, wa mradi mmoja unaowatafutia wafanyabiashara wadogo wateja wa ng'ambo, alisema huko wameipenda sabuni, na zaidi ule mkono.

"Fundi atachonga muhuri wa mti, Mama Malaika. Usijichokeshe."

"Hapana. Hiyo itakuwa uongo."

Basi akabandika mwenyewe, shehena nzima. Pikipiki zikaipeleka Kindu, nayo kutoka huko ikaenda zake ng'ambo.

Wateja wa ng'ambo walipoanza kunawa, mistari ya kiganja cha Aziza mwenyewe ikaanza kufutika mkononi mwake. Aziza hakushangaa, sabuni ikitumika si huisha? Mara nyingine akiwa jikoni alihisi maji baridi yakimpita kiganjani, maji ya bomba asilolijua. Halafu mkono ukafa ganzi. Siku moja alishika sufuria ya moto, na harufu ya ngozi kuungua ndiyo iliyomwambia.

Hilo alilivumilia. Lililomuuma ni Malaika, binti yake, mtoto wa homa za kila mara. Kiganja kile ndicho kilichokuwa kipimo cha homa nyumbani. Jioni moja alikiweka kwenye paji la mtoto, akahisi maji baridi tu. Akamwita jirani yake, Julienne.

"Huyu mutoto anawaka moto, dada. Hausikii?"

Tangu hapo akawa anampima kwa mkono wa kushoto.

Grégoire alirudi na oda nyingine. Sokoni Aziza alikuwa hauzi tena. Kiganja laini hakiachi alama. Grégoire alikigeuzageuza, akakirudisha taratibu.

"Wa kushoto iko?"

"Iko. Lakini wa kushoto hatupatii nao mutu kitu. Si heshima."

"Kule hawajui."

Aziza akaingia ndani, akamwekea Malaika mkono wa kushoto kwenye paji, akauacha pale muda mrefu. Lilikuwa na vuguvugu, na jasho kidogo kwenye nywele.

Kisha akatoka uani. Sabuni ya nyumbani aliyoimimina asubuhi ilikuwa bado laini.